Nilipokuwa Edani, Kisima Kikanuka

14 Aprili

Asmaa binti yangu amenipa kalamu akaniambia niandike, maana amechoka kunisikia nikihesabu siku kwa sauti. Daftari ni la marehemu Yunusi, mume wangu, fundi wa mashini za mashua hapa Matondoni. Alikuwa akiandikia kazi zake: mashini ya nani, imeharibika nini, imetengenezwa lini. Amelijaza zaidi ya nusu. Mwandiko wake sijaweza kuutazama, kwa hiyo nimeligeuza juu chini nikaanza kutoka nyuma. Yeye mbele, mimi nyuma, kama tulivyokuwa tukitembea barabarani.

Leo ni siku ya kumi na tatu ya eda. Sitoki, sijitii manukato, na udi haufukizwi nyumba hii mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Namshukuru Mungu kwa binti, kwa paa lisilovuja, na kwa kisima. Kisima kiko uani, na ua una mlango wa kichochoroni usiofungwa. Nyanya yangu Bi Razan alikiweka wakfu: kila mtu ateke, asinyimwe wala asiulizwe. Nyumba arubaini zateka hapa, na birika la msikiti lajazwa kutoka hapa. Basi hata kama mimi sitoki, mji waingia kwangu kila asubuhi na ndoo zake na maneno yake. Mjane gani mwingine ana bahati hiyo?

17 Aprili

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo ikajuta.

19 Aprili

Leo nimekasirika, na hasira imenipa nguvu kuliko uji wote nilionyweshwa tangu msiba.

Dawud amekuja. Huyu Dawud ndiye muuza mafuta wetu, petroli na dizeli, duka lake liko juu, pale mfereji wa maji ya mvua unapoanzia. Alikuwa rafiki wa Yunusi. Amesimama nje ya mlango kama inavyotakiwa, na chumbani walikuwa wanawake sita waliokuja kunipa pole.

Akasema, "Bi Radhiya, nisamehe kwa wakati huu. Naomba ufunguo wa banda la Yunusi. Kuna kitu chataka kutazamwa."

Banda ni la kazi za Yunusi, liko kando ya mfereji, limeegemea ukuta wetu. Tangu siku ya maziko limefungwa, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Bwana Dawud, udongo wa kaburi haujakauka nawe washatamani mashini za mayiti?"

Wanawake wakacheka. Kisha nikasikia viatu vyake vikienda. Jioni shemeji yangu Sadiq, mdogo wake Yunusi, amenisifu. Amesema mali ya mayiti haishikwi mpaka warithi wakae pamoja eda ikiisha, ndivyo tulivyowakuta wazee. Nimelala vizuri.

20 Aprili

Mvua.

21 Aprili

Mvua. Mfereji wanguruma usiku kucha. Nashukuru kwa usingizi wa mchana.

25 Aprili

Maji yana harufu. Nimeyanusa kwenye kata kabla ya kunywa, nikamwita Asmaa anuse. Amesema ni huzuni. Nimemwambia huzuni hainuki mashini. Nyumba za wenzangu zina udi na asumini, pua zao zimelewa. Yangu haina cha kuipoteza njia.

27 Aprili

Samaki wa birika wamekufa. Ni wale wadogo wa msikitini ambao kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Vizazi na vizazi wamekaa humo watu wakitawadha juu yao. Mwadhini Abdulghafur amewakuta wote tisa wameelea matumbo juu. Amemtuma mtu aulize kama kisimani kwetu kumeingia kitu. Hakulaumu. Ameuliza tu, na swali lake limeniuma kuliko lawama.

28 Aprili

Mtoto wa Hadil jirani ametapika usiku. Hadil ameiweka ndoo juani akaniita dirishani. Juu ya maji pana utando wa rangi rangi, ule unaouona ufukweni mashua ikiwashwa.

Basi wakakusanyika kisimani na kuanza: nani? Na mimi, nikiwa dirishani na ushungi wangu, ndiye niliyesema kwanza. Nilisema, "Mji huu ana mafuta nani mwingine?" Sikulitaja jina. Halikuhitaji kutajwa. Alasiri haijaadhiniwa jina la Dawud lilikuwa limefika ufukweni na kurudi.

Usiku huu nimemfikiria Bi Razan. Alichimbisha kisima hiki ili kimshuhudie kwa Mola wake. Miaka themanini kimetoa maji matamu, kimekuja kuharibika mikononi mwangu, mimi niliyefungiwa ndani nisiyeweza hata kukizunguka. Nikifa kabla hakijatengenea nitamwambia nini? Nimelia, na safari hii si kwa ajili ya Yunusi.

29 Aprili

Dawud amebisha tena. Nimemwambia Asmaa aseme nimelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

2 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa Sadiq amesimama msikitini na kusema kuwa kuna mtu mafuta yake yanashuka na mfereji mpaka kwenye wakfu, na mtu huyo anajijua. Wavuvi wameanza kwenda Lamu kununua mafuta. Nimeona ni haki. Naandika hivyo kwa sababu nimejiahidi kuandika ukweli.

Maji ya kunywa sasa yaja kwa punda kutoka kisima cha shambani, mitungi miwili kila nyumba, Asmaa aipokea alfajiri. Namwombea kila la heri yule anayewaswaga punda hao gizani.

6 Mei

Jua siku ya nne. Harufu imepungua. Hadil asema Mungu amesikia. Mimi nasema Dawud ameona haya.

9 Mei

Mvua kubwa.

10 Mei

Harufu imerudi, kali kuliko mwanzo. Asmaa amepiga simu ofisi ya maji. Wamemwambia watatuma mtu. Nimecheka.

13 Mei

Nimecheka mapema. Mtu amekuja, na ni msichana. Jina lake Nerea, kwao ni ziwani kule bara, na ameshuka mashuani na sanduku la chupa kichwani kama mchuuzi wa mayai. Ametaka kuona visima vyote saba vinavyofuata mfereji. Ametia maji kwenye chupa, ameandika juu ya kila chupa, na kila pahali ananusa. Nimempenda kwa kunusa huko.

Amekuja dirishani akaniuliza swali ambalo watu arubaini hawakuniuliza: harufu yaja lini? Nikamwambia angoje, nikafungua daftari, nikamsomea. Mvua tarehe ishirini na ishirini na moja, harufu ishirini na tano. Jua siku nne, harufu yapungua. Mvua tarehe tisa, harufu tarehe kumi.

Akasema, "Mama, hii umeandika ni nusu ya kazi yangu."

Amenieleza kwamba kama mafuta yangemwagwa kisimani, yasingengojea mvua. Maji ya mvua ndiyo yanayoyabeba, kwa hiyo yanatoka penye mfereji, na mfereji una ufa mahali. Mjane wa siku arubaini na mbili nimekwenda kulala nikijiona mhandisi. Alhamdulillahi, sikujua kama kukaa dirishani kungekuwa na faida.

16 Mei

Saa mbili asubuhi Nerea amemimina rangi ya kijani juu kabisa ya mfereji, mbele ya duka la Dawud, akafuatisha maji mengi. Amesema rangi haidhuru mtu. Saa tisa Hadil ameteka ndoo, na maji yalikuwa kijani kama majani ya mkunde. Watoto wamepiga vigelegele. Ufa wameupata chini ya ukuta wetu, mrefu wa mkono, simiti imepasuka na mchanga umeliwa.

Watu wamesema basi, imethibitika, rangi imetoka kwa Dawud ikaingia kisimani. Nerea amewaambia rangi imetoka kwake yeye Nerea. Wachache wamemwelewa. Mimi nimemwelewa, na nimejikuta nimeshika pindo la leso yangu, sijui kwa nini.

17 Mei

Asmaa ameniambia ni nani mwenye punda. Ni Dawud. Tangu mwanzo wa mwezi. Mitungi ni mipya, haijawahi kutiwa mafuta, na alimwomba Asmaa asiniambie nisije nikakataa kunywa. Siandiki zaidi ya hapa, siwezi.

20 Mei

Nianze na kalamu imara.

Nerea amerudi na majibu. Jana alikuwa amechota matope ya mfereji kila hatua kumi, kutoka dukani kwa Dawud mpaka kwetu. Leo amesimama chini ya dirisha langu, Sadiq na Abdulghafur wako kando yake. Amesema visima vya juu ni safi. Matope ya mbele ya duka ni safi. Hatua kumi safi, ishirini safi, thelathini safi. Yamechafuka hatua ya arubaini, na hapo katika ukuta pana tundu la kutolea maji ya kuoshea vyuma. Ni dizeli, si petroli. Kisha akalitazama banda.

Sadiq akasema haraka kwamba banda limefungwa, ni mirathi, halifunguliwi, na kwamba marehemu alikuwa mtu msafi. Nerea hakubishana. Alinitazama mimi tu. Nikamwambia anipe saa moja.

Nimekaa kitandani na kuligeuza daftari upande wa Yunusi. Siku arubaini na tisa nimeliogopa. Mwandiko wake uko vilevile, herufi zimeinama kama watu wanaosukuma mashua. Mashini ya fulani, plagi. Mashini ya fulani, maji yameingia. Nilikuwa kama namsikia akikohoa. Nikafika ukurasa wa mwisho aliouandika, tarehe thelathini Machi, siku tatu kabla hajafa, na mstari wa chini kabisa ni huu:

"Pipa la dizeli limeota kutu chini, lavuja. Nimwambie Dawud alete jengine, hili litolewe."

Hilo tu. Bila shaka alimwambia. Dawud ndiye mtu pekee mjini aliyejua, na Dawud amekuja mlangoni kwangu kuomba ufunguo, nami nikamwita mwizi wa mayiti mbele ya wanawake sita. Akaja tena, nikalala saa nne asubuhi. Jawabu lilikuwa katika daftari hili hili, kurasa chache kutoka penye kalamu yangu, na ufunguo katika pindo la leso yangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nimemwita Sadiq dirishani. Amesema tena warithi, wazee, desturi. Nikamwambia, "Sadiq, kama warithi mashini za nduguyo, rithi na pipa lake."

Nimefungua pindo, nimempa Asmaa ufunguo. Wameingia. Harufu iliyotoka mlango ulipofunguliwa ilifika kitandani kwangu. Pipa limekaa pembeni palepale alipoliacha, tupu karibu yote, na sakafu ni nyeusi mpaka kwenye tundu. Kila maji ya mvua yalipopita chini ya mlango yaliosha sakafu ile yakatoka mferejini, na mferejini yakaingia ufani, na ufani yakaenda kwa Bi Razan.

Sadiq amekaa kizingitini na kushika kichwa. Namwonea huruma. Si mtu mbaya, alikuwa akilinda alichodhani ni heshima ya kaka yake, kama mimi.

22 Mei

Nimeandika karatasi isomwe kesho msikitini. Nimemwambia Sadiq asome yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mara ya kwanza. Amekataa. Baada ya alasiri amekuja kuichukua.

23 Mei

Imesomwa. Naiweka hapa: "Mimi Radhiya, mjane wa Yunusi, nilisema mafuta ya kisimani ni ya Bwana Dawud. Sikuwa najua, na nilisema kama ajuaye. Mafuta yametoka bandani kwetu, na ufunguo nilikuwa nao mimi, na yeye alikuja kuuomba mara mbili. Namtaka radhi yeye na watu wa nyumba yake, na kila aliyekunywa."

Abdulghafur asema Sadiq ameisoma yote bila kuruka neno. Namshukuru Sadiq. Dawud alikuwa safu ya nyuma. Akavaa viatu akaenda zake.

24 Mei

Mitungi miwili mlangoni, kama kawaida.

26 Mei

Dawud amekuja. Asmaa amemwekea kiti nje ya mlango, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia. Kisha nikamwambia ninachokiona ni haki kukisema: kwamba namshukuru mpaka sina maneno, na kwamba pia nimemkasirikia. Kwa nini hakusema pipa? Neno moja, pipa, watoto wasingekunywa.

Akajibu taratibu, "Ningesema mbele ya watu kwamba Yunusi ametia sumu mai ya wakfu? Yuko kaburini, hawezi kunijibu. Nilitaka nilitoe pipa kimyakimya, asijue mtu. Ulipokataa, sikuiona ndia nyengine ila kuleta mai."

Nikamwambia si sawa. Akasema anajua si sawa, kwamba kila alipopita kwa Hadil akimwona yule mtoto alijiambia leo nitasema, na hakusema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea. Hapo hasira yangu ilikwisha, maana niliona tumefanya kosa moja, mimi kwa mdomo na yeye kwa kimya, na sote wawili tukidhani tunamlinda Yunusi. Yunusi mwenyewe angetucheka. Angesema, pipa ni pipa, litoeni.

Kabla ya kuondoka ameniuliza kama nahitaji simiti ya kuzibia ufa, anayo mifuko mitatu. Nimelia baada ya yeye kwenda, na kilikuwa kilio chepesi.

27 Mei hadi 2 Juni

Mvua, mvua. Wameweka mifuko ya mchanga mferejini ili maji yapite mbali na ufa. Pipa limekwenda. Sakafu ya banda imechimbwa, mchanga mweusi umetiwa magunia na Nerea ameuchukua kwa mashua, sijui ataupeleka wapi, amesema kuna mahali pake.

7 Juni

Idi ya kuchinja. Nyama imeletwa na nyumba kumi na moja. Ya kwanza ilitoka kwa Dawud.

19 Juni

Ufa umezibwa. Sadiq ndiye aliyechanganya simiti, Dawud ndiye aliyeshika mwiko, na wamebishana tangu asubuhi mpaka adhuhuri kuhusu kiasi cha maji. Nimewasikiliza kwa furaha kama redio.

20 Juni

Pampu ya kuvuta maji ya kisima imeletwa kutoka Lamu. Watavuta siku kumi, kungoja maji mapya, kuvuta tena.

4 Julai

Mvua ndogo. Nimenusa kata. Sijui. Pengine pua yangu yatamani kupata na pengine yatamani kukosa.

15 Julai

Nerea amechukua chupa zake tena. Safari hii amekuja na mahamri aliyopika mwenyewe. Magumu kweli. Nimekula manne na kumshukuru kwa dhati, maana amepika kwa mkono uleule ulioninusuru.

30 Julai

Majibu: maji yafaa kufulia, kuoshea na kutawadhia. Ya kunywa bado, mpaka vipimo viwili vingine. Abdulghafur ametia samaki wanne birikani. Kila baada ya swala watu wameinama kuwatazama kama watoto waliozaliwa jana.

8 Agosti

Eda imekwisha. Asmaa amenifukiza udi mpaka nikakohoa. Nimevaa, nimetoka kwa mlango wa mbele, na jua lilinipiga usoni kama mtu aliyenikasirikia kwa kuchelewa.

Nimekwenda kwanza kaburini. Kisha nimepanda na mfereji, hatua moja moja, nikihesabu kama Nerea, mpaka dukani kwa Dawud. Mbele ya wavuvi wote nimenunua lita moja ya mafuta ya taa ambayo siihitaji. Akanipa, akasema, "Karibu, Bi Radhiya," na mimi nikasema ahsante. Wavuvi wakasogea kunipisha njia.

Nikarudi kisimani. Nilikuwa sijakigusa miezi minne. Nimeteka ndoo kwa mikono yangu, nimenusa, nimetawadha. Namshukuru Mungu kwa msichana wa ziwani, kwa shemeji aliyesoma mpaka mwisho, kwa punda wa alfajiri, na kwa mwenye punda. Bi Razan, hakijawa kitamu, lakini kinarudi. Samaki wote wanne wako hai, nimewahesabu mara mbili.

Kurasa zimekwisha. Nimeufikia ukurasa wake, maandishi yangu juu chini yakitazamana na yake, na chini ya mstari wake wa mwisho pana nafasi ya mstari mmoja tu. Nimeligeuza daftari upande wake ili asome vizuri, nikaandika:

Limetolewa.